Nerthu Hajachoka

Jumatatu, usiku wa nne wa mwezi

Frawila amekufa. Mke wangu. Alfajiri, homa.

Kabla sijamfumba macho, pembe ikalia — gari la Mama Nerthu, mungu wetu wa ardhi, limeingia kijijini. Watumishi wake wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya chuma; akiwapo ni mwiko. Shoka, jembe ninalochimbia watu mitaro, hata kisu changu cha kuchongea herufi. Naandika kwa mkaa. Vyote vimefungiwa sandukuni mpaka mungu atuchoke aende zake. Sasa kuni za kumchomea mke wangu nikakate kwa meno?

Na kulia marufuku. Siku za furaha hizi!

Jumanne, usiku wa tano

Wanacheza, wanalewa. Kuhani Ansagari kidevu kinang'aa mafuta ya nguruwe. Nikamuuliza Mama anaondoka lini. Eti hajachoka bado. Anajua yeye peke yake, maana ndiye anayeruhusiwa kugusa shuka linalofunika gari lake.

Pombe haijaisha — hiyo ndiyo habari.

Jumatano, usiku wa sita

Wilimari kaja, kaka yake Frawila. Kaishia mlangoni, pua kaziba.

"Shemeji, usitutie aibu. Mfunike majani, ngoja gari liondoke."

"Dada yako huyo."

"Na yeye naye! Siku zote hizo, kaona afe kwenye sikukuu?"

Akacheka. Ukoo wao mzima hauna mwanamume.

Frawila kavimba. Inzi.

Alhamisi, usiku wa saba

Bado hajachoka. Wanuitoni sisi! Kabila zima linangoja ruhusa ya ng'ombe wawili wa kuvuta gari na kitambaa.

Nimeokota matawi kinamasini, nimevunja kwa goti. Mabichi. Machache. Viganja vimechanika. Chuma sijagusa.

Ijumaa, usiku wa nane

Nimewasha mchana kweupe. Upepo ukapeleka moshi na harufu kwenye nyama yao. Ansagari kaja mbio, anahema.

"Unamchomea Mama maiti puani, mbwa wewe!"

"Mwambie ahame."

Haukupita muda, pembe. Eti Mama kachoka. Kachoka leo!

Sanduku likafunguliwa. Wilimari kaniletea shoka, haniangalii usoni.

"Kesi yako mwezi mpevu, shemeji, mbele ya baraza. Wanasema watakuzamisha topeni."

"Na wewe unasemaje?"

Kaondoka.

Moto ulikuwa umefia njiani. Miguu ya Frawila bado haijaungua. Nimeangusha mti mkavu, nimeongeza. Sasa unawaka vizuri.

Mkuu wa kijiji katuma mtu — mtaro wake umejaa maji. Kesho narudi kazini.