Vidonge ndani ya Kofia

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na shemeji na watoto wazima. Mimi nipo, ila ukiniuliza naendeleaje, wallahi sijui nikujibu nini.

Unakumbuka daktari alisema kinga ya mwili wangu ndiyo inayozishambulia figo zangu na kuzivimbisha, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba. Basi akaniingiza kwenye utafiti wa dawa ya kuituliza hiyo kinga. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu vidonge vitupu. Chupa ni sawa, rangi sawa, hata daktari mwenyewe hajui nani anameza nini.

Kwenye benchi la kliniki nikapata rafiki, fundi cherehani, mcheshi huyo usiseme. Mwezi wa pili mkojo wangu ukapungua povu, ishara kwamba figo zinapata nafuu. Yeye miguu ikazidi kuvimba mpaka akaja na kandambili za mkewe, akasema ndiyo fasheni. Nilicheka, lakini roho iliniuma.

Jumatatu daktari alizitazama karatasi zetu, akakuna kichwa. Akasema mimi nimerudi nyuma kidogo, fundi kapata nafuu kidogo, na haelewi kwa nini. Kisha akatusifu kwa kutokosa dozi hata moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dada, sisi ndio tuliomchanganya. Tangu mwezi ule wa pili, kila tukitoka dirisha la dawa tulienda nyuma ya jengo, tukamimina chupa zote mbili kwenye kofia ya fundi, tukakoroga, tukagawana nusu kwa nusu. Wazo lilikuwa langu. Ningemezaje uzima peke yangu, mwenzangu ananitazama? Nilidhani ni wema. Sasa nawaza wagonjwa watakaonyimwa dawa hiyo kwa sababu karatasi zetu zimesema uongo. Tena sina hata hakika kwamba vya kweli vilikuwa vyangu. Nimevurugikiwa, sijui kama nimemsaidia mtu au nimewaponza wote.

Tumekubaliana na fundi kwamba Alhamisi tutamwambia daktari. Huenda tukatolewa wote wawili, na figo zangu hazina muda wa kusubiri.

Mwaka jana ulitaka kunipa figo yako moja, nikakujia juu, nikakwambia ukalee wanao. Nisamehe ukali ule. Nisalimie shemeji, wapakate watoto kwa niaba yangu. Na kama lile neno lako bado lipo, dada, safari hii sitakataa.

Ni mimi, kitinda mimba wenu