Kiatu cha Kushoto na Ugali wa Rehema

Dada yangu Nyangeta,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kiatu changu cha kushoto, kile cheusi cha ngozi, kilichotutoka Jumamosi mtaani kwa Rehema hapa Nairobi. Kimeacha mjane mmoja, kiatu cha kulia. Mazishi yalifanyika jalalani na rambirambi hazikuletwa.

Haya, baada ya msiba huo, mnaendeleaje hapo Mugango? Goti la Mama limepata nafuu? Na kifua chako? Mimi mzima, ila tumbo linanitangulia kila niendako. Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako inasomwaga na kwaya nzima.

Ule mfuko wa unga wa udaga, mihogo yetu ya kuvundika, na mtama uliotuma na basi ulifika salama, nikaubeba mwenyewe kumpelekea Rehema wetu, mtoto wa mama mdogo. Nilikuwa sijawahi kufika kwake. Ni mtaa wa mabanda, mabati yameegemeana, njia nyembamba hata mimi na mfuko tukawa tunapita kwa zamu. Nilikwenda nimejiandaa kuwahurumia watu wa pale, kumbe wao ndio walionihurumia mimi. Kila mlango niliulizwa naenda kwa nani, na kila aliyeuliza akanisindikiza mpaka mlango unaofuata.

Unajua shida ya Rehema. Kibanda chake cha chakula kilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na wazee wa kanisa wakamwambia: pika harusi ya Jumamosi hii, wageni wakiridhika jiko la kanisa ni lako; wakinung'unika, tutatafuta mwingine. Na wageni wenyewe ni watu wa Bunda! Mtu wa Bunda umpe wali, atakushukuru vizuri, halafu atauliza chakula kinaletwa saa ngapi.

Maji yalikuwa yanachemka. Mama Akinyi, jirani wa ukuta mmoja, akachota unga, akaanza kunyunyiza kidogo kidogo kama wa mahindi.

"Acha!" Rehema akaruka. "Huu unamwagwa kwa mkupuo, halafu ni nguvu tu!"

Akaumwaga. Akashika mwiko mkubwa kama kasia, akasonga, na sufuria nayo ikaanza kuzunguka. Hapo ndipo alipokumbuka: nyumbani sufuria ya shughuli tunaibana na miti miwili. Mti utaupata wapi mtaa ule? Hata kivuli chao ni cha bati. Na udaga haungoji, ukiuacha kidogo unashika madonge. Rehema akaniangalia, akaviangalia viatu vyangu.

"Kaka, kanyaga sikio la sufuria."

"Na hivi viatu vya harusi?"

"Kwani hii ni nini? Si ndiyo harusi yenyewe?"

Dada, ugali uliiva! Watu wa Bunda walikula kimya, kimya kile unachokijua. Kisha mjomba wa bwana harusi akasimama, akauliza nani kasonga. Rehema kwa uchokozi wake akaninyooshea kidole mimi! Wakanipa mwiko, wakaninyanyua juu, picha ikapigwa. Ndiyo hiyo unayowaonyesha wenzako wa kwaya, kwamba kaka yako, ambaye alikuwaga hajui hata chumvi inakaa wapi, kasonga ugali wa harusi Nairobi. Na mzee wa kanisa akamkabidhi Rehema funguo za jiko mbele ya watu wote, mtaa mzima ukapiga vigelegele.

Nisalimie Mama, shemeji yangu mvuvi mwambie sato wake nawaota, na mwalimu wa kwaya asinitungie wimbo kwanza. Maana kabla sijafunga bahasha, ukweli ni huu.

Sikusonga hata mara moja. Nilikanyaga sikio, Rehema akawa anasonga jasho likimtiririka, soli ikaanza kunuka, nami nikaruka na ukelele ambao nadhani mliusikia huko. Sufuria ikainama. Mama Akinyi akalidaka sikio la pili kwa leso yake, akanifokea:

"Wewe mzee wa Tanzania! Rudisha huo mguu! Hii ikimwagika tutakula nini, soksi yako?"

Nikaurudisha. Soli ikayeyuka, nikabaki pale pale, Mama Akinyi upande ule, mimi upande huu, tunatazamana huku moshi ukitutoa machozi wote wawili, mpaka Rehema akauinua mwiko na kusema, "Tayari."

Kwa hiyo waambie kwaya aliyesonga ni Rehema. Mimi waambie nilirudisha mguu.

Kaka yako wa kiatu kimoja,
Masatu