Njiwa wa Mama Neema

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Kibaigwa hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna. Umeniuliza kama unaweza kuiga nembo ya mwenzako hapo Chimwaga, maana wateja wanaipenda.

Mimi niliwahi kuiga. Ujanani nilichora njiwa mweupe kwenye kibao cha mashine yangu ya kusaga, sawasawa na wa jirani yangu mjane, Mama Neema. Wateja wake wasiojua kusoma wakaanza kuingia kwangu. Siku moja mzee mmoja aliniambia, “Msalimie Mama Neema. Unga wake hauna mchanga.”

Nikajibu, “Zitamfikia.”

Nilimfuta njiwa jioni ileile, lakini kumwomba radhi sikuthubutu. Siku ya maziko yake nilisimama nyuma kabisa ya watu.

Chora nembo ya kwako, mama.

Babu yako