Glasi ya Pili

Alexandria, Virginia
10 Novemba 1998

Mpendwa Dada Leokadia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na magoti ya Mama yamepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma mwenyewe, ila tafadhali usiyasome kwa sauti mbele ya Mama.

Uliniuliza nimepata kazi gani. Ni usafi, dada, tena wa baa! Cheka tu. Mtoto aliyeapa kaburini kwa Baba kwamba pombe hataionja ndiye anayepiga deki baa yenye miaka zaidi ya mia, ambayo watu hutoka hata mji wa mbali wa Manassas kuja kucheza dansi kila Ijumaa. Mimi nafika asubuhi, wameshaondoka. Nakuta harufu yao tu.

Mwenye baa ni mzee Harlan, Mmarekani aliyefiwa na mkewe, Edith. Kila anapofunga humwekea marehemu glasi ya wiski mwisho wa kaunta, pale alipozoea kukaa. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza Cosmas, Mchagga mwenzetu anayepika pale, ile glasi ni ya nani. Akasema ni ya marehemu. Basi nikafanya alivyokuwa akifanya Babu alipowatambikia wahenga penye mimea ya masale nyuma ya nyumba: nikaitoa nje, nikamwita Edith kwa jina, nikaimwaga taratibu chini ya mti, kisha nikairudisha glasi mahali pake. Kinywaji cha marehemu kikiachwa kwenye glasi nzi ndio wanaokunywa, au sivyo?

Mzee Harlan alipoikuta tupu alilia. Akatuambia kwamba miaka miwili yote alikuwa akiikuta imejaa, na sasa mke wake amerudi. Nilitaka kusema, Cosmas akanikanyaga mguu. Tangu siku hiyo mzee ananyoa ndevu, na anaimba akihesabu chupa. Nami kila asubuhi namwaga.

Shida ilianza aliponiuliza habari za Baba. Nikamwambia amefariki, na kwamba alipenda kinywaji. Sikumwambia ndicho kilichomuua. Kesho yake nikakuta glasi mbili. Ya pili, alisema kwa upendo kabisa, ni ya mzee wangu.

Ya Edith niliimwaga. Ya Baba, dada, ilinishinda. Nilipoinyanyua nilisikia pumzi yake, ile ya alipokuwa akiinama kutufunika blanketi. Nikamsikia akikohoa nyuma yangu, kikohozi kile kile. Nikageuka: viti tu, vimepinduliwa juu ya meza. Nikainywa.

Hiyo ilikuwa Agosti. Nimeinywa kila siku ya kazi tangu hapo, na naogopa. Kwenye kioo cha kaunta macho yangu yameanza kuwa mekundu kama yake. Nikimwambia mzee Harlan ukweli, nitamfisha mkewe mara ya pili. Nikinyamaza, unajua mwenyewe nitaishia wapi.

Ndiyo maana leo ninakuandikia hapa hapa kaunta, ili mkono upate kazi nyingine. Glasi ya Baba iko mbele yangu. Nilipoanza kukuandikia salamu ilikuwa imejaa.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama mwambie naenda kanisani kila Jumapili, maana hilo ni kweli. Nawe uniandikie upesi, dada, unigombeze kama ulivyokuwa ukimgombeza Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Dunstan