Msaragambo wa Dawa ya Neema

Kwako Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena, maana simu ya juzi ilikatika hata salamu sijamaliza. Mgongo unaendeleaje? Na kahawa, imeanza kuiva? Mimi sijambo, ila viganja vyangu vimejaa malengelenge, na nitakueleza kwa nini. Nimeamua kuandika kwa sababu mtandao wa huku milimani unakuja na kuondoka unavyotaka, na wewe hupendi habari nusu nusu.

Unamkumbuka Neema niliyekutajia, yule binti wa darasa la saba mwenye kisukari? Mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Lazima achomwe sindano kila siku, na akiikosa anakufa. Siyo kuumwa, Mama, ni kufa. Nilipohamia hapa, mama yake alikuwa akiteremka hadi Same kila mwezi kuifuata, maana zahanati ndogo kama yetu haikuwa inaletewa. Akikosa nauli, mtoto anachomwa kidogo kidogo. Nikasema hapana, haiwezekani. Nilimsumbua daktari wa Same mpaka akawa akiona namba yangu anacheka kabla ya kupokea. Mwishowe akakubali insulini iwe inapanda pamoja na chanjo kwenye lile boksi la baridi, ikifika naiweka kwenye friji yetu ya sola.

Basi masika haya mvua imetutia adabu. Korongo lililo chini ya kijiji lilifurika likabeba daraja lote, magogo na mawe. Boksi likakwama Makanya, huko chini kwenye lami, kwenye friji ya kituo cha afya, na Saidi wa bodaboda ambaye hutuletea akawa hana pa kupita. Chupa ya Neema ilikuwa inaelekea kuisha, tukawa tunamchoma kidogo kidogo tena. Kumteremsha yeye haikuwezekana, korongo ni lile lile. Nikamwona anaanza kunywa maji bila kukata kiu, macho yameingia ndani. Niliogopa, Mama. Niliogopa kweli.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumwomba apige msaragambo. Huku Upareni ndiyo kazi ya pamoja: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyetoka anasemwa mpaka anachoka mwenyewe. Mwenyekiti ni mzee wa utani, kila siku ananiambia sisi watu wa kusini tunapika ugali wa kujengea nyumba. Siku hiyo hakutania. Msaragambo wa kesho yake ulishapangwa kwenye mfereji wa kumwagilia, maana mvua ilikuwa imeubomoa, na usipotengenezwa mapema maharage ya kiangazi hayapati maji.

"Nesi, mwanangu," akasema, "daraja ni la halmashauri. Taarifa tumepeleka, watakuja. Mfereji ni wetu, hakuna atakayetujengea. Na msaragambo haupigwi kwa ajili ya nyumba moja."

"Watakuja lini, Mzee?"

"Mvua ikipungua."

"Neema hana muda huo."

Akaniambia kama ni hivyo, kesho niende nikawaambie watu mwenyewe. Nadhani alitegemea nitaona haya, mimi mgeni wa watu. Hajui umemzaa nani.

Asubuhi nikasimama mbele ya majembe yote yale, nikaeleza, nikarudia kueleza. Wengine wakawa wanatazama chini. Mmoja akasema dawa ni kazi ya serikali, wao kazi yao ni kulima. Nilishaanza kupandisha sauti, unanijua, ndipo Mama Neema akasimama. Ni mwanamke wa maneno machache, sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni.

"Shamba langu liko juu ya mfereji," akasema. "Maji hayapandi mlima. Tangu nilipoolewa hapa sijakosa msaragambo, na hata mche mmoja sijaunywesha maji yale. Sasa nilikuwa namchimbia nani?"

Akakaa. Hakulia, hakumtazama mtu. Mimi nikaona aibu kwa makelele yangu. Mwenyekiti akakohoa, akaokota jembe lake.

"Twendeni darajani," akasema. "Mfereji utasubiri."

Mama, ungeniona! Wanaume waliangusha mikaratusi wakaiburuta, sisi wanawake tukapokezana mawe mkono kwa mkono, na hapo ndipo nilipoyapata haya malengelenge. Jua halijazama, Saidi, niliyekuwa nimempigia simu alete boksi hadi ng'ambo, akavuka nalo kichwani, akinyata juu ya magogo, watu wakimcheka na kumshangilia. Nikafungua pale pale nikatazama kipimajoto. Baridi ilikuwa sawa. Nikakimbia kupanda kijijini, mimi ambaye shuleni nilikuwa nafika wa mwisho.

Sikumwacha Neema mpaka sukari iliposhuka. Sasa anakula vizuri, na jana nilimkuta anagombana na mdogo wake, nikajua amepona uchovu.

Nami sikulala. Watu wakiwa bado na moyo ule, nikarudi mkutanoni, tukakubaliana: korongo likibeba daraja tena, baragumu linalia siku hiyo hiyo, mfereji unafuata. Nimemwomba pia daktari atuongezee dawa za kifafa na za presha kwenye boksi lile. Bado hajakubali. Atakubali.

Sasa hili la uhamisho. Najua baba mdogo ameshaongea na watu ili nirudi Mbinga, na najua wewe ndiye uliyemtuma. Nashukuru, na nililia kidogo nilipoambiwa, lakini mwambie aache. Boksi linapanda kwa sababu kuna mtu anayepiga simu, na nikiondoka sijui atakuja nani, wala lini. Usininunie, Mama.

Msalimie sana baba, dada mkubwa na wanawe, wifi yangu aliyejifungua, na jirani yetu fundi cherehani.

Na wewe njoo. Mkishamaliza kuchuma, panda basi, shuka Makanya, muulize Saidi. Kama utakuta daraja limeondoka, usigeuze. Kaa hapo ng'ambo, wapigie kelele kwamba wewe ndiye mama yake nesi. Kijiji kizima kitatoka kukuvusha.

Mwanao akupendaye,
Stella