Kinanda Bubu

Ndalu, Jumamosi, Agosti 2006

Hata chai imenishinda. Nina hasira, na mtu wa kukasirikia ni mimi mwenyewe.

Kanisa lilitutuma Kitale, mimi chairman wa kamati na mke wangu Mama Wafula, kwa sababu yeye ndiye anacheza ogani. Ile ya zamani ya kukanyaga ilikufa, lakini mchungaji ameweka programu kwa kompyuta inatoa sauti kama ya hiyo ogani kabisa. Ilibaki tu kibodi ya muziki ya kuunganisha nayo.

Muuzaji akatoa moja. Nikabonyeza, kimya.

"Mzee, hii haina sauti yake. Sauti inatoka kwa kompyuta."

"Ati uniuzie kinanda bubu?"

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Wafula, si ndiyo hii tulitumwa?"

"Wewe nyamaza! Mambo ya mashine unajua nini?"

Watu wakacheka. Nikachukua ile yenye spika na ngoma zake.

Leo kanisani tumetafuta mahali pa kuingiza waya ya kompyuta. Hakuna. Shemasi akabonyeza, rumba ikaanza.

"Bana chairman, umetuletea disko! Nani alichagua hii?"

Nikainama kutafuta swichi ya kuizima. Mke wangu akasema, "Tulichagua pamoja."

Pamoja! Afadhali angenitukana. Na mimi mjinga nikaitikia kwa kichwa, ati ndiyo.

Kesho kwa ibada nitasimama niseme ukweli, watu wote wakisikia.

Saa hii yuko jikoni. Anafanya mazoezi ya ogani juu ya meza, vidole tu, bila sauti.