Uunsi wa Siku Ile

Galbet, Garissa

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaikum. Huku tuko salama, alhamdulillahi. Mvua imenyesha, mbuzi wa mjomba wako wameshiba, ila goti langu bado halitaki kupiga rakaa.

Umeniuliza kwa nini mimi, ayeeyo wako, bibi yako, nilitumia maisha yangu kupima pumzi za watu na kuutafiti ugonjwa wa pumu, nisifungue kliniki kama wenzangu.

Nilikuwa na mdogo wangu, Abdi, ambaye kifua kilikuwa kikimbana. Siku moja alizidiwa, majirani wakaja kumjulia hali. Mama alikuwa ameenda kuteka maji, kwa hiyo mimi nikawapokea wageni kwa heshima, kama desturi yetu: nikafukiza uunsi mwingi kwenye chetezo, nikashusha pazia ili harufu nzuri isitoke. Wageni wakanisifu. Abdi hakuifikia jioni.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilijifunza moshi unavyomfanya mwenye pumu. Nikarudi nyumbani kukiri kwa Mama. Nilipoanza tu, akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

"Nilijua siku ile ile, nilipoinua pazia," akasema. "Ulikuwa mtoto."

Nikarudi kwenye utafiti wangu, na kila kifua nilichopima kilikuwa cha Abdi.

Tangu siku aliyofariki Abdi, nyumbani kwetu uunsi haukufukizwa tena, hata siku ya harusi yangu. Miaka yote hiyo nilidhani Mama anaomboleza. Kumbe alikuwa akinisitiri.

Ayeeyo wako anayekuombea